Mfua Maji Akishuka Chomboni

Katika visiwa vya Wabajuni, mtoto wa Chula huanza kuijua bahari kwa kufua maji. Kabla hajakabidhiwa usukani, na kabla hajaaminiwa kamba ya tanga, huketi ngamani na kopo lake, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga. Chombo kikifika salama, watu husifu chombo na nahodha wake. Jina la mfua maji halitajwi na mtu. Lakini wavuvi wenyewe hawajidanganyi. Wakati wa mgawo chombo hupata sehemu yake, nyavu sehemu yake, na kila baharia aliyekuwamo hupata yake. Mfua maji naye huhesabiwa, kwa kuwa kila mmoja ajua ni nani aliyewazuia wasizame.

Desturi hii njema husahaulika mara nyingi watu washukapo chomboni na kuingia nyumbani mwao. Husahaulika pia katika shughuli nyingine za ushirika, ikiwemo kazi ya muziki. Mfano mzuri ni bendi ya Simba Wanyika, ambayo nyimbo zake za Kiswahili zilipendwa kote Afrika Mashariki.

Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianzia kazi Tanga katika bendi ya Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na huko wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaingia Mombasa, na hapo ndipo jina la Simba Wanyika lilipozaliwa. Mwaka 1975 walihamia Nairobi, penye studio, kampuni za sahani za santuri na kumbi kubwa za dansi. Watu waliotoka mbali namna hiyo wakiwa pamoja, wakihama mji hadi mji na magitaa yao, wangedhaniwa kuwa hakuna tena kitakachowatenganisha.

Lakini mwanzo wa safari si mtihani mkubwa. Mwanzoni njaa ni moja na tumaini ni moja. Mtihani huja katika miaka ya katikati, jina likiwa limekwisha patikana na ukumbi ukiwa umejaa. Hapo ndipo kila mtu hutazama kando na kujiuliza: katika jina hili kubwa, langu ni lipi?

Mwaka 1978 mtihani huo uliifikia Simba Wanyika. Waliotoka hawakuwa waliokuwa mbele ya macho ya watu. Alitoka Omari Shabani, aliyejulikana kwa jina la "Profesa", mpiga gitaa la rithimu. Alitoka Tom Malanga wa gitaa la besi, na wengine pamoja nao. Msomaji asiyezoea mambo ya bendi na aelewe maana yake. Gitaa la solo ndilo linalosikika juu, likicheza kama ndege, na mwimbaji ndiye anayetazamwa. Gitaa la rithimu hurudia jambo lile lile kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na besi hukaa chini yake kama msingi wa nyumba. Mcheza dansi hafikirii habari zao, lakini miguu yake huwafuata wao. Hao ndio wafua maji wa bendi.

Waliotoka waliunda bendi yao, wakaiita Les Wanyika. Walijiunga nao waimbaji kama Issa Juma na John Ngereza. Haukupita muda mrefu, wimbo wao "Sina Makosa" ukapigwa kila mahali. Wimbo huo wahusu mambo ya mapenzi, wala si ugomvi wa bendi. Hata hivyo, jina lake ni neno linalotamkwa katika kila nyumba inayovunjika. Kila upande husema hauna makosa, na aghlabu kila upande husema kweli kwa sehemu tu.

Inafaa kuwa waadilifu. Simba Wanyika haikufa siku hiyo. Ndugu wale walitafuta wapigaji wengine, wakaendelea kurekodi, na baadaye wakafika hata Ulaya. Les Wanyika nayo ilijipatia heshima yake, ingawa mwaka 1981 Issa Juma naye alitoka akaanzisha kundi lake, Super Wanyika. George Peter alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1992, Wilson Peter akafuata mwaka 1995, na bendi ikakoma. Kwa msikilizaji, basi, utengano ule ulizaa vyombo kadhaa badala ya kimoja, na nyimbo nzuri zikaongezeka.

Ila nyumba si bendi. Bendi humwajiri mpiga gitaa mwingine, na onyesho la Jumamosi likaendelea. Nyumba haiwezi kutangaza nafasi ya kazi ya mama, wala ya mtoto wa kwanza.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mvuvi. Mume arudi na samaki wake, nao wapokewe kwa vigelegele. Mke huwapasua, akawatia chumvi, akawaanika, akawalinda na mvua na kunguru mpaka wawe ng'onda. Mume awapeleke sokoni Kismayu, arudi na fedha, na watu waseme, "Fulani ni mchumi hodari." Hakuna aliyesema uongo, lakini nusu ya kweli imeachwa uani pamoja na chumvi. Mwaka wa kwanza mke hatasema kitu. Mwaka wa tano hatasema kitu. Siku atakaposema, mume atashangaa na kuuliza ugomvi umetoka wapi wakati mambo yamekuwa mazuri.

Wako wanaoogopa kusifu. Hujikinga kwa methali isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ni ya kweli kwa mgema aliyekwisha zoea sifa. Haikusudiwi kwa yule ambaye tangu aanze kukwea mnazi hajaambiwa ahsante hata siku moja. Huyo halitii tembo maji, bali siku moja huteremka na kwenda zake.

Basi mwenye nyumba na afanye mambo matatu. Kwanza, fedha zinapoingia, zihesabiwe mbele ya wote waliozifanyia kazi, na sehemu ya kila mmoja ijulikane kabla ya matumizi. Pili, wageni wakisifu nyumba, awataje wanaoishikilia kwa majina yao. Tatu, asingoje malalamiko ndipo aulize. Aulize wakati wa neema, kwa kuwa wakati wa shida kila mtu huwa amekwisha fanya shauri lake.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Walisema kweli. Lakini chombo chenye nahodha mmoja hodari, kisicho na mfua maji, hakiendi hata mrama. Huzama pale pale kilipo.