Kiti cha Baba



Jumapili moja tulikusanyika nyumbani kusikiliza Missa Luba, misa iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya uongozi wa Padri Guido Haazen, Mfransisko. Baba yangu, aliyetumikia altare utotoni, hujua Kilatini cha Misa kwa moyo. Lakini alisema: «Nasikia ngoma tu,» akatoka. Nikaongeza sauti, ikawa makelele.

Kosa halikuwa la masikio yake. Vipaza sauti viwili nilivisukuma pembeni, juu ya kabati, karibu na dari. Pembe za chumba huzidisha sauti nzito, nayo hufunika maneno. Tena gramafoni ilikuwa juu ya kabati lilo hilo. Mtikisiko ukairudia sindano, mngurumo ukazidi.

Sikieni basi namna ya kupanga. Vipaza sauti vikae kwenye urefu wa masikio ya mtu aliyeketi, mbali kidogo na ukuta, kila kimoja juu ya kigoda kizito kisichoyumba. Umbali kati yao uwe sawa na umbali wa kila kimoja mpaka kiti cha msikilizaji. Gramafoni ipewe meza yake. Sakafu tupu ya simenti hurudisha mwangwi. Mkeka na mapazia huutuliza.

Jumapili iliyofuata nilimwita Baba. Kyrie ilipoanza akafumba macho, na midomo yake ikafuata polepole.

Enyi wazazi, mpangapo vyombo, anzeni na kiti cha yule asikiaye kwa shida.