Mguu wa mtoto hausubiri nauli

Mtoto akizaliwa na mguu kifundo, tiba yake inajulikana. Mtaalamu humnyoosha mguu taratibu kwa mkono, akaufunga plasta, na baada ya wiki akaifungua na kufunga nyingine. Plasta tano hadi nane, mara nyingi na mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, ambavyo baada ya miezi michache huvaliwa usiku tu, mpaka mtoto afike miaka minne au mitano. Hivyo tu. Ila ratiba ikivurugika, mguu huanza kurudi ulikotoka.

Sasa piga hesabu ya nauli. Mama wa Kamsamba, kule bonde la Rukwa, aende Vwawa kila wiki, au apitilize hadi Mbeya, ambako hata kutoka Tunduma ni kilometa zipatazo 100. Plasta ya kwanza atauza kuku. Ya pili atakopa kwenye kikoba. Ya tatu ataibandua mwenyewe nyumbani, kwa maji na kisu.

Huyo ana nafuu, maana safari zake zina mwisho. Mwenzake mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, aliyechelewa kulia alipozaliwa au aliyepata manjano makali yasiyotibiwa mapema, anahitaji mazoezi ya miaka. Kuna mambo ambayo angeonyeshwa kwa nusu saa tu: kwamba mtoto huyu halishwi uji akiwa amelala chali, maana uji utaingia mapafuni, aketishwe, kichwa kiegemezwe, kijiko kidogo kidogo. Kiti cha kumshikilia, fundi seremala yeyote wa Tunduma anaweza kukitengeneza akipewa vipimo. Asipoonyeshwa na mtu, kifua kinabana, viungo vinakakamaa, na majirani wanasema ni mkono wa mtu.

Tumechoshwa na majukwaa ya kuwaasa wazazi wasiwafiche watoto wenye ulemavu. Wengi hawafichi. Wamebeba mgongoni mtoto wa miaka sita hadi mgongo umegoma.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja waziwazi huduma za utengamao, kama hizi za plasta na mazoezi. Mkoa wa Songwe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya 2022 iliukuta na watu 1,344,687. Udogo wa umri usiwe kisingizio. Halmashauri ya Mji wa Tunduma imekaa kwenye lango la Zambia, malori yanapanga foleni mlangoni pake usiku na mchana. Mapato ya ndani hayawezi kukosa posho na mafuta ya kumpeleka mtaalamu wa mazoezi tiba kwenye kituo cha afya, siku moja maalumu kila wiki. Halmashauri za Momba na Ileje zisizo na foleni hiyo zisaidiwe na mkoa. Na tusijibiwe kwamba ipo asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa ajili ya watu wenye ulemavu: ile ni mikopo, na mkopo haunyooshi mguu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo madiwani watuonyeshe kifungu cha utengamao katika bajeti zao, kiasi kilichotengwa, na siku ya kliniki itakayobandikwa ukutani kwa kila kituo.