Unene Hauna Kabila

Kuna usemi ulioenea nchini mwetu kiasi kwamba wengi wausemao hawatambui tena kuwa wanasema jambo linalohitaji ushahidi. Husemwa kwamba watu wa kabila fulani ni wanene kwa asili yao, na wa kabila jingine ni wembamba. Kwamba mwanamke wa pwani hunenepa kwa kuwa ni wa pwani, Mchaga kwa kuwa ni Mchaga, na kwamba Mmasai na ndugu yake Mwarusha, wale wasile, hubaki wembamba kama fimbo wanazoshika. Usemi huu husikika katika mabasi, katika harusi, na, jambo la kusikitisha zaidi, katika vyumba vya walimu. Sisi twaupinga. Twaupinga kwa kuwa si kweli, na tena kwa kuwa unadhuru. Mtu aliyeambiwa kwamba unene wake ni kabila lake haoni haja ya kuuliza habari za moyo wake. Na yule aliyeambiwa kwamba watu wa kwao hawanenepi hatakwenda kupimwa hata siku moja.

Tuanze Moshono, mahali ambapo jambo hili laweza kuonwa kwa macho. Moshono ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa mashariki, chini ya mteremko wa Mlima Meru. Wenyeji wake wa tangu zamani ni Waarusha, watu wasemao Kimaa kama Wamasai, lakini ambao tangu karne ya 19 wamekuwa wakulima wa mteremko huo, wakipakana na Wameru. Chakula chao cha jadi ni mahindi, maharage, ndizi na maziwa. Mgeni akikaribishwa loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, atafahamu upesi kwamba chakula hicho si chepesi hata kidogo. Wakati wa kuzaa mama hulishwa mafuta ya kondoo. Vijana nao hupelekwa porini kula nyama siku nyingi mfululizo katika kambi ya olpul, wakinywa supu iliyotiwa magome ya miti. Basi anayedhani kwamba wazee wa Moshono walikuwa wembamba kwa sababu ya kula kidogo hajakaa nao chakulani.

Walikuwa wembamba kwa kazi. Mama wa Moshono wa miaka ya 1970 aliamka kabla ya jua, akakata majani ya ng'ombe, akachota maji mtoni, akalima kwa jembe la mkono, na siku ya soko akajitwika mkungu wa ndizi kwenda nao Tengeru, au mjini, kwa miguu. Kisha akarudi akipanda mlima. Jioni ikamkuta bado anatafuta kuni. Nguvu zote alizozipata katika loshoro zilikwisha kabla hajalala.

Mtazame sasa binti wa mama huyo. Shamba limegawanywa kwa mirathi mara mbili, kipande kimeuzwa kikawa kiwanja cha nyumba, na penye migomba pamesimama vyumba vya wapangaji. Maji yako bombani, na twashukuru. Majani ya ng'ombe hununuliwa. Vifodi, na baada yake bodaboda, humfikisha mtu hadi mlangoni pake. Yeye mwenyewe anauza duka, na muuza duka hukaa. Asubuhi ni chai yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati iliyokaangwa; mchana wali wa mafuta; jioni chipsi zilizofungwa katika karatasi; na mgeni akija huletewa soda, kwa kuwa kumpa mgeni maji matupu ni aibu. Dada yake aliyeolewa juu mlimani, ambako jembe halijawekwa chini, anaingia katika gauni lake la harusi mpaka leo. Wana baba mmoja na mama mmoja, na wote wawili ni Waarusha. Tunawaomba wale wanaotuambia habari za damu na asili watueleze ni kabila gani lililomwingia huyu wa dukani.

Wanafunzi yafaa wajue tunapima nini tunaposema unene, wasije wakadhani ni suala la macho na matusi. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, ni ule unene wa kupindukia ambao wataalamu wetu wa lishe huuita kiribatumbo. Mwanamke wa urefu wa mita 1.60 hufika 25 akiwa na kilo 64, na 30 akikaribia kilo 77. Kwa kipimo hicho, uchunguzi wa kitaifa wa afya uliona kwamba kati ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito au kuwa wanene kupindukia walikuwa asilimia 18 mwaka 2004 na 2005, asilimia 28 mwaka 2015 na 2016, na asilimia 36 mwaka 2022. Hesabu hiyo yatosha kuzima mjadala wote. Damu ya taifa haibadiliki katika miaka 18. Kilichobadilika ni kazi, chakula na mwendo.

Hatukatai kwamba kuna urithi. Katika familia moja twaona mtoto anayenenepa upesi na nduguye asiyenenepa ingawa wanakula sinia moja, na sayansi yathibitisha kwamba maumbile ya mtu huchangia. Lakini urithi wa mtu na mzazi wake ni jambo moja, na kulipachika kabila zima unene au wembamba ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo tulilorithishwa na wageni waliotupanga kama wapangavyo vipepeo katika makumbusho.

Wamasai ndio walioonewa kuliko wote katika habari hii. Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wamasai wa Tanganyika. Waliona watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, lakini wenye mafuta machache katika damu na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Ulimwengu wa wataalamu ulishangaa. Mwaka 1971 kundi jingine likachapisha makala likieleza kwamba miili ya Wamasai ina sifa za kibayolojia za pekee, na wengi wakaridhika hapo: Mmasai ni kiumbe mwingine, basi. Kumbe mwaka 1976 Wamasai wa mjini na Wamasai wa kijijini walipolinganishwa, walionekana kutofautiana maumbo na damu, ingawa ni kabila moja.

Na mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa hapa Tanzania, ambao tungependa kila mwalimu wa biolojia aufahamu. Walipimwa Wamasai, wakulima wa Kibantu wa vijijini, na Wabantu wa mjini. Nguvu ambayo mwili hutumia kwa shughuli, mbali na ile ya kuuweka hai tu, ilikuwa kalori 2,565 kwa siku kwa Mmasai, 1,500 kwa mkulima, na 891 kwa mtu wa mjini. Mpenda makabila atarukia namba ya kwanza na kusema, "Si mmeona? Wamasai ni tofauti!" Na asome namba mbili zinazofuata. Hao wote ni Wabantu, lakini wa mjini anatumia nguvu pungufu mno kuliko mwenzake aliyebaki shambani. Mmasai naye ametofautishwa na miguu yake inayotembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima. Mkalishe katika kibanda cha ulinzi mjini, mpe soda na mandazi, kisha umpime baada ya miaka kumi.

Ushahidi wa namna hiyo tunao pia kutoka nyanda nyingine za nchi yetu. Watafiti waliwafuata watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Katika mwaka mmoja tu waliongezeka, kwa wastani, zaidi ya kilo mbili, na wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu walipungua kutoka karibu wanane katika kumi hadi kiasi cha robo. Wahamaji hao hawakubadili kabila ndani ya basi. Na mbali huko Amerika wapo Wapima, watu wa asili moja waliogawanywa na mpaka: wale wa Arizona, nchini Marekani, ni miongoni mwa watu wanene zaidi waliowahi kupimwa, na ndugu zao wa milima ya Meksiko, walioendelea kulima kwa mikono, hawafanani nao hata kidogo.

Lakini uongo huu haudumu kwa ujinga peke yake. Unadumu kwa kuwa kuna wanaoupenda. Tazameni vinyago vinavyouzwa kwa watalii mjini Arusha: Mmasai mwembamba kama unyasi, shingo ndefu, mkuki mkononi. Anauzwa hivyo kwa sababu mnunuzi amekuja kutafuta mtu asiyebadilika. Sisi wenyewe tumekinunua kinyago hicho, tukakiweka vichwani mwetu.

Mwenzake mkongwe ni kile kisa cha Karagwe. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika kwa mfalme Rumanyika, akawakuta wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata wasiweze kusimama sawasawa. Akazungusha utepe wake katika mkono na paja la mmoja wao, akaandika vipimo kitabuni, na Ulaya ikasoma ikicheka. (Jinsi mgeni alivyothubutu kumpima mke wa watu mapaja, hilo wacheshi hao hawakulijadili.) Tangu hapo imeandikwa kana kwamba Waafrika wa maziwa makuu hupenda wanawake wanene. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: wachungaji waliokamua maziwa hayo, na wakulima waliolisha ikulu ile, wake zao walikuwa na unene gani? Unene wa Karagwe ulikuwa wa tabaka. Ulitangaza kwamba mtu huyu hafanyi kazi na kwamba wapo wanaomfanyia.

Wananchi waliolisikia Azimio la Arusha mwaka 1967 walilielewa jambo hili bila mtafiti. Katika vibonzo vya miaka ile mnyonyaji alichorwa na kitambi, mkulima akachorwa mbavu nje, na hakuna aliyeuliza kabila lao. Hata hivyo kitambi hakikushindwa. Kilibadilishwa jina tu kikaitwa neema. Leo mtu akipata cheo na tumbo lisitokeze, jamaa zake hunong'ona kwamba mshahara anaupeleka wapi.

Hapa yatupasa tuwe waangalifu, maana wapo watakaogeuza hoja yetu kuwa wimbo wa kuusifu umaskini. Wembamba wa kazi ngumu si pepo. Hapo hapo Moshono yako machimbo ya moramu, na tarehe 1 Aprili 2013 kifusi kiliwaporomokea watu waliokuwa wakichimba na kupakia, wakafa zaidi ya kumi. Hakuna mnene anayepiga sururu kutwa, lakini nani atathubutu kumwambia mchimbaji kwamba maisha yake ni mfano wa afya? Hatutaki mama wa Moshono arudishiwe ndoo ya mtoni. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, zilipigana na njaa, uchafu na utapiamlo wa watoto, na adui huyo hajafa. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973 kwa vita hivyo, sasa ina adui wawili, na mara nyingine wote wawili wanakaa nyumba moja, mtoto amedumaa na mama amezidi uzito. Kabila lipi hilo, lenye kudumaa na kunenepa chini ya bati moja?

Liko jambo jingine ambalo wanaume huandika juu yake mara chache. Wanawake wetu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya uzito huu, na si kwa uvivu. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia Kagera na ng'ambo ya mpaka Uganda ukaitwa "Slim", kukonda kumekuwa ushahidi mbele ya majirani. Mwanamke anaagizwa na daktari apunguze kilo kumi kwa ajili ya shinikizo la damu. Akizipunguza tano, watu wanaacha kula kwake, na mume anaulizwa kilabuni kama mkewe ni mzima. Anarudia wali na soda ili anusuru heshima yake. Kumwambia mwanamke huyo kwamba ananenepa kwa sababu ya kabila lake ni kumtukana mara mbili. Na kumcheka, kama wafanyavyo vijana wenye maneno ya "bonge" na "tipwatipwa", ni kumsukuma arudi ndani kwenye kiti alichotoka.

Kiswahili chenyewe kina busara hapa. Mtu hunenepa, lakini mnyama hunona, na anonaye ananoneshwa na mwingine, kwa faida ya huyo mwingine. Katika barabara itokayo Moshono kwenda mjini kila kibanda kina friji la soda lililopakwa rangi za kampuni, kila duka lina sukari na mafuta ya kupima, na mtu anayetembea kwa miguu hubanwa kati ya mtaro na bodaboda. Tungependa wanafunzi wa Moshono waitembee barabara hiyo na daftari mkononi, wahesabu vibanda hivyo, kisha watafute ni nani anayepata faida. Wakimaliza, walete orodha darasani, na tuone kama humo kuna jina la kabila lo lote.