Vyuo viwazoeshe wahariri wa picha kufanya kazi na saa

Kila mwaka vyuo vya habari hutuletea vijana wa mafunzo kwa vitendo, na kila mwaka nakutana na jambo lilelile. Programu ya kuhariri wanaijua vizuri kuliko nilivyoijua mimi wakati naanza. Wanajua kurekebisha rangi, kupunguza kelele za upepo, kuweka maandishi yanayoingia kwa madaha. Lakini mpe mmoja wao habari ya dakika moja na nusu saa kumi na moja jioni: ikifika saa mbili kasoro robo bado anahangaika nayo, na taarifa ya habari inasomwa saa mbili kamili.

Siwalaumu. Wamefundishwa na walimu wanaoipenda kazi yao, ila wamefundishwa kwa ratiba isiyofanana na kazi inayowasubiri. Chuoni kundi la wanafunzi watano hupewa muhula mzima kutengeneza filamu fupi moja. Wanabishana, wanakata, wanarudishia, wanaomba wiki mbili za nyongeza na wanapewa. Halafu wanaingia chumba cha kuhariria cha kituo cha televisheni, ambako hakuna wa kuombwa nyongeza, kwa sababu mtangazaji ameshapakwa poda na yuko mbele ya kamera.

Ninachosema ni kwamba uharaka wa kuhariri ni uwezo wa kuamua, na uwezo huo hujengwa kwa kuamua mara nyingi ndani ya muda mfupi. Kompyuta mpya haiuleti. Miaka ya ziada darasani nayo haiuleti, kama kila zoezi linakuwa na muda wa kutosha.

Chukua habari ambayo kila mhariri wa picha wa Dar es Salaam ameshaikata. Mvua imenyesha, Mto Msimbazi umefurika, Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yamesimama. Mpiga picha amerudi na dakika arobaini za picha. Ripota ameandika aya nne na amehoji watu watatu. Kijana wangu anafungua faili la kwanza na kuanza kutazama tangu mwanzo. Nikipita baadaye namkuta amekodolea macho maji ya kahawia yakipita.

"Dada, bado naangalia picha."

"Unatafuta ipi?"

"Natafuta nzuri."

Hapo ndipo muda unapoishia. Ndani ya dakika arobaini picha nzuri ni nyingi mno, na anayetafuta "nzuri" atazitazama zote. Aliyesoma maandishi ya ripota, akaona kwamba habari yenyewe ni ya abiria waliokwama, anatafuta vitu vitatu: kituo kilichojaa watu, mtu anayevuka maji kwa miguu, basi lililosimama. Hivyo vitatu huvipata kabla chai haijapoa.

Mimi huanza kabla picha hazijaingia. Kadi ikiwa bado inanakiliwa kwenye kompyuta, naye mpiga picha hajavua buti zenye tope, namuuliza: "Kaka, nitajie picha tatu ulizozipenda, na uniambie ziko mwanzo, katikati au mwisho." Yeye ndiye aliyesimama kwenye maji. Anakumbuka mahali ambapo mwendesha bodaboda alizima pikipiki akaanza kuisukuma. Swali hilo moja linaokoa muda kuliko ufundi wowote wa kwenye kibodi, na bado naona wahariri wanaoona haya kuuliza, kana kwamba kuuliza ni kukiri kwamba hawajui kazi.

Kisha naweka sauti. Kwanza sauti ya ripota yote, kuanzia neno la kwanza hadi jina lake la mwisho, ndipo natafuta kauli za wahojiwa na kuzipachika mahali pake. Picha bado sijagusa. Nikifika hapo, habari ina mifupa: ninajua ni ya sekunde ngapi, ninajua ipunguzwe wapi, na ikitokea prodyuza akaingia mbio akisema nafasi imepungua, naweza kumjibu papo hapo. Vijana wengi huanza na picha kwa sababu picha ndizo zinazowavutia, wakafika kwenye sauti wakakuta wamejenga kitu cha dakika tatu kinachotakiwa kuwa cha dakika moja na nusu. Kukibomoa huchukua muda mrefu kuliko kukijenga.

Baada ya sauti nachagua picha ya kwanza na picha ya mwisho, hizo mbili tu. Ya kwanza lazima imwambie mtazamaji wa Mbagala au wa Sumbawanga, kabla hajasikia sentensi nzima, kwamba tuko Jangwani na maji yamepita. Ya mwisho lazima ibebe sekunde mbili tatu za ziada, maana mtangazaji akichelewa kurudi hewani picha hiyo ndiyo itakayokuwa kwenye skrini za watu. Zikishakaa, napachika sauti ya tukio lenyewe mahali pawili ambapo ripota amevuta pumzi: maji yanayopiga ukingo, kondakta anayewaambia abiria washuke. Zilizobaki katikati ni picha za sekunde tatu au nne kila moja, na huingia upesi, kwa kuwa kila moja inajibu neno linalosikika wakati huo.

Mwisho naitazama habari yote, mwanzo hadi mwisho, na hedifoni masikioni, mikono ikiwa mbali na kibodi. Hata zikibaki dakika nne. Sijawahi kukubali kijana aruke hatua hii. Humo ndimo unapokutana na jina la diwani lililokosewa herufi, au fremu moja nyeusi iliyobaki kati ya picha mbili. Televisheni yetu hupitisha fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja nyeusi ni kitu kidogo sana, lakini jicho la mtazamaji huliona giza hilo na kushtuka hata kama hawezi kusema ameona nini.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ionekane kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na sikio na kichwa. Vidole vina nafasi yake, nami siidharau. Anayetumia herufi J, K na L kurudisha, kusimamisha na kupeleka picha mbele, na I na O kuweka alama ya kuanzia na kuishia, ataenda kasi kuliko anayekimbiza kipanya skrini nzima. Programu karibu zote kubwa zinatumia herufi hizo hizo. Lakini hayo hufundishika kwa wiki chache, na anayebaki mzito baada ya hapo ni mzito wa kuamua.

Waliotutangulia walilazimishwa na mashine. Enzi za kanda ulikuwa na mashine mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, na picha ilipangwa baada ya picha. Ukitaka kurefusha picha ya tatu ukiwa umeshafika ya ishirini, ulirudia kurekodi kila kilichofuata. Mhariri alijifunza kufikiri kabla ya kubonyeza, maana kubadili mawazo kulimgharimu. Kompyuta ilipokuja, gharama hiyo ikaondoka, na ni neema kubwa. Sitamani hata kidogo kurudi kwenye kanda. Ila neema hiyo iliondoka na mwalimu mmoja mkali, na vyuo havijaweka mwingine mahali pake.

Nitajibiwa kwamba uhariri bora unahitaji subira. Ni kweli kwa kazi zinazoiruhusu. Walter Murch, mmoja wa wahariri wa filamu ya Apocalypse Now iliyotoka mwaka 1979, alipiga hesabu akaona kwamba mikato iliyobaki katika filamu hiyo ni chini ya miwili kwa kila siku ya kazi ya kila mhariri. Walikuwa na zaidi ya saa 230 za picha. Mimi kwa jioni moja hukata zaidi ya hapo kabla ya kufuturu. Na bado kitu nilichokichukua kwenye kitabu chake, In the Blink of an Eye, ni mpangilio wa vipaumbele: anaweka hisia juu ya vyote, halafu hadithi, halafu mwendo wa picha, na mambo ya kiufundi chini yake. Ukilazimika kuacha kitu, unaacha kutoka chini. Mpangilio huo unamfaa zaidi mtu mwenye dakika ishirini kuliko mwenye mwaka mzima, kwa sababu ndiye anayelazimika kuacha.

Watu wa harusi wamelielewa hili kabla ya vyuo. Mjini hapa wapo vijana wanaopiga picha za ndoa kanisani mchana, wanahariri kwenye kompyuta ya mapajani nyuma ya ukumbi, meza ikiwa karibu na masufuria ya pilau, na kabla ya keki kukatwa wageni wanaona kwenye skrini kubwa bwana na bibi harusi wakivishana pete. Mama mzazi wa bibi harusi hawezi kuambiwa kesho. Vijana hao wengi hawana cheti cha habari. Nikiulizwa nani aajiriwe kati ya mwenye cheti asiyejua saa na kijana wa harusi, jibu langu viongozi wangu wanalijua.

Hata wale wanaokata video kwenye simu kwa CapCut na kuzirusha TikTok nawaheshimu kwa wepesi wao. Tahadhari yangu kwao ni moja: violezo vilivyo tayari huamua kwa niaba yao picha ikae sekunde ngapi na muziki upige wapi. Wakiletewa msiba au kesi ya mahakamani, hakuna kiolezo.

Misiba ndiyo inayoonyesha kwa nini haya yana uzito. Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Picha za mwanzo zilitoka kwenye simu za watu waliokuwa pale, zikafika kwa WhatsApp, za wima na za ulalo, zilizobanwa hadi zikapoteza ukali. Anayejua kazi anajua pia kwamba simu nyingi hazirekodi kwa idadi moja ya fremu muda wote, hivyo sauti huanza kuachana na midomo kadiri picha inavyoendelea, na analibadili faili kwanza kabla ya kuanza kukata. Hayo ni ya kiufundi. Lililo zito ni kwamba siku kama ile mhariri anakutana na sura za watu wanaotolewa kifusini huku simu ya prodyuza ikiita. Mtu ambaye hajaamua mapema kwamba haonyeshi uso wa marehemu, wala majeruhi kwa karibu wakati ndugu zake hawajapata taarifa, ataamua vibaya ndani ya sekunde tano. Aliyeamua mapema hazigusi kabisa, na hilo nalo linampa kasi: nusu ya picha ameshaziweka kando.

Vituo navyo vina deni lao. Ripota anayekaa kwenye mkutano hadi hotuba ya mwisho, wakati habari aliipata kwenye ya kwanza, amekula muda wa mhariri. Kadi ingeweza kupakiwa kwenye bodaboda saa tisa. Mpiga picha anayetembeza kamera huku na huku bila kutulia hata sekunde kumi mahali pamoja anamwachia mhariri dakika arobaini ambazo ndani yake zinazotumika ni tatu. Wakubwa wa vyumba vya habari wayaseme haya kwenye mkutano wa asubuhi, siyo saa mbili kasoro dakika tano wakiwa wamesimama nyuma ya kiti cha mhariri.

Kwa vyuo ombi langu ni zoezi moja la kila wiki, kuanzia mwaka wa kwanza. Mwanafunzi apewe picha ambazo hajaziona na maandishi yaliyoandikwa na mwenzake. Apewe dakika arobaini na tano. Zikiisha, aondoke kwenye kiti, kazi ikiwa imekamilika au haijakamilika, na darasa lote litazame kwenye skrini kubwa kazi ya kila mmoja kama ilivyo. Alama za kwanza ziende kwa habari iliyokamilika na kueleweka, kisha kwa majina sahihi, kisha kwa sauti inayosikika, na uzuri wa rangi uje baadaye. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa miaka miwili au mitatu atakuja kwetu akiwa ameshazoea mapigo ya moyo ya saa moja na nusu jioni.

Kikwazo ninachosikia ni kwamba vyuo havina picha za mazoezi. Vituo tunazo, diski kwa diski, za mafuriko, za bajeti, za mechi za ligi, za uzinduzi wa visima. Kinachohitajika ni mtu wa kuzipitia, aondoe sura za waathirika na za watoto, aandike kwenye kila folda ni habari gani na ya lini, azipeleke vyuoni. Chuo chochote cha hapa Dar es Salaam kitakachotenga Jumamosi asubuhi kwa zoezi hilo, mimi nitakuja na diski, nitakaa nyuma ya darasa na nitashika saa.