Pakiti Tisa Haziwezi Kuufuta Upungufu wa Unga

"Hakuna tofauti." Kauli hii naikuta ripoti baada ya ripoti, tasnifu baada ya tasnifu, na kila nikiikuta damu inanichemka. Mtafiti kapima sampuli ndogo, thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo au zaidi endapo kiuhalisia haipo, imezidi 0.05, basi anagonga muhuri. Huo ni uongo, hata kama aliyeuandika ana shahada tatu.

Tuchukue mfano wa sembe. Pakiti imeandikwa kilo 2, na nadharia tete inasema huo ndio wastani wa pakiti zote zinazotoka kinuni. Mkaguzi anapima pakiti 9. Anapata wastani wa kilo 1.96 na mkengeuko sanifu wa gramu 60. Gramu 60 ukizigawa kwa kipeuo cha pili cha 9 unapata 20: hicho ndicho kiasi ambacho wastani wa sampuli kama hiyo huyumba kwa bahati tu. Upungufu ni gramu 40, yaani mara 2 ya kuyumba huko; uwiano huo ndio t. Kwa pakiti 9, mpaka wa 0.05 na jaribio la pande mbili, jedwali la t linadai angalau 2.31. Haikufika, na mkaguzi anaandika kwamba uzito uko sawa.

Uko sawa wapi? Vipimo hivyohivyo, kwa kiwango cha asilimia 95, vinaafikiana na wastani wowote kati ya kilo 1.914 na 2.006. Mama anayelisha watoto watano kwa unga huo huenda anapunjwa gramu 86 kila pakiti! Mkaguzi angepima pakiti 36, akapata wastani uleule na mkengeuko uleule, t ingefika 4 na dai la kilo 2 lingekataliwa pale pale. Anayetaka kuficha wizi hana haja ya kughushi hesabu. Apime kidogo tu.

Tena, mlaji hana ugomvi na pakiti iliyozidi. Anachohofia ni pungufu. Jaribio la upande mmoja, likiamuliwa kabla ya kupima, lingedai 1.86 tu, na pakiti zilezile 9 zingetosha kulikataa dai la kinu. Nani aliamua pande mbili, na kwa faida ya nani?

Njia hii ya jaribio la t aliiunda William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, akaichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Alihangaikia sampuli ndogo kwa sababu alijua zina mashaka mengi, na alitaka mashaka hayo yahesabiwe. Kitabu cha Ronald Fisher cha 1925 kikaueneza mpaka wa 0.05, na sisi tukaugeuza amri. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitamka wazi kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa tofauti wala umuhimu wake. Bado wanafunzi wetu wanafundishwa kuitazama namba hiyo moja na kufunga daftari.

Wasimamizi wa tasnifu, rudisheni kila kazi inayosema "hakuna tofauti" bila kuonyesha tofauti ingeweza kuwa kubwa kiasi gani. Wakaguzi, kabla hamjagusa mizani, amueni ni upungufu gani unaomuumiza mlaji, kisha hesabuni pakiti zinazotosha kuugundua. Nawe msomaji, ukisomewa ripoti kwamba kila kitu kiko sawa, simama uulize: mlipima ngapi?