Sangara walitupa somo, kahawa ya Kagera isisubiri marufuku

DESEMBA 30, 2026 ni tarehe ambayo mkulima wa kahawa wa Bukoba au Muleba anapaswa kuijua kama anavyoujua msimu wake wa mavuno. Kwa mujibu wa marekebisho yaliyopitishwa na Umoja wa Ulaya Desemba 2025, hiyo ndiyo siku iliyopangwa kwa kampuni kubwa na za kati za huko kuanza kubanwa na sheria inayozuia kuingiza kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kampuni ndogo zimepewa muda hadi Juni 30, 2027.

Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2023 na inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na bidhaa zitokanazo na hivyo. Awali ilikuwa ianze kutumika Desemba 2024, lakini imeahirishwa mara mbili. Ni rahisi basi kudhani kwamba itaahirishwa tena. Hata hivyo, watu wa Kagera wanayo sababu ya kutosubiri, kwani waliwahi kulipa gharama ya kusubiri kupitia samaki aina ya sangara.

Mwanzoni mwa mwaka 1997, Hispania na Italia zilizuia sangara wa Ziwa Victoria kwa hofu ya bakteria wa salmonella. Desemba mwaka huo huo, kufuatia mlipuko wa kipindupindu katika ukanda wetu, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa Juni 1998. Mwaka 1999 biashara ikasimama tena, safari hii kutokana na taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu kuvulia. Kwa Tanzania, soko lilifunguliwa mwaka 2000.

Katika suala la kipindupindu, sayansi ilikuwa upande wetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya ugonjwa huo kusambaa kupitia chakula kinachosafirishwa kibiashara ni ndogo, na kwamba marufuku haikuwa njia inayofaa. Nchi zilizoathirika zilipeleka malalamiko mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 1998. Pamoja na hayo, soko halikufunguka kwa hoja peke yake.

Kilicholifungua ni ushahidi ambao mnunuzi aliuamini. Kila nchi ilitakiwa kuwa na mamlaka moja inayowajibika kwa ubora wa samaki wanaouzwa nje. Viwanda vikalazimika kufuatilia hatari za uchafuzi tangu samaki anapopokelewa hadi anapofungashwa. Wakaguzi wakatakiwa kufika mialoni, na sampuli za samaki na maji zikapimwa mabaki ya sumu. Maabara ya Nyegezi, Mwanza, ikawa nguzo ya kazi hiyo kwa upande wa Tanzania.

Aidha, nchi tatu za ziwa zilitambua kwamba mnunuzi wa Ulaya hakuona mpaka majini; kosa la mmoja liliwaponza wote. Kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, zilianza kuoanisha taratibu za ukaguzi. Huo ndio ushirikiano unaoondoa vikwazo vya kiufundi: kukubaliana namna ya kupima, kisha kuamini cheti cha mwenzako.

Lakini somo hilo lilikuwa ghali, na walioligharamia zaidi ni walio chini. Marufuku ilipotangazwa, bei ya sangara ilianguka mialoni na viwanda vikapunguza kazi. Mvuvi wa visiwa vya Muleba hakuwa na akiba ya kumwezesha kungoja wataalamu wamalize kukaguana.

Kahawa sasa imefika katika njia panda hiyo hiyo. Kisheria, hatua za usalama wa chakula zina mkataba wake na kanuni nyingine za kiufundi zina wake, yote ikiwa imeanza kutumika Januari 1, 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani. Kwa mzalishaji, tofauti hiyo ni ndogo. Katika hali zote mbili anaweza kuwa na bidhaa nzuri na bado akakosa soko kwa kukosa uthibitisho.

Uthibitisho unaotakiwa safari hii ni mahali kahawa ilipolimwa. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji walau nukta moja ya ramani. Lililo kubwa zaidi linahitaji mipaka yake yote. Wajibu wa kisheria ni wa kampuni ya Ulaya, lakini taarifa hizo haziwezi kutoka kwingine ila kwa mkulima. Kiwango cha juu cha faini kwa kampuni inayokiuka hakitakiwi kuwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja huo. Mfanyabiashara mwenye hofu hiyo atachagua kununua kule ambako taarifa ziko tayari.

Sehemu kubwa ya kahawa ya Bukoba na Muleba hailimwi katika mashamba makubwa. Ni robusta iliyopandwa katika kibanja, pamoja na migomba na miti ya kivuli, kuzunguka nyumba. Kwa mtazamo wa mazingira, huo ni utunzaji wa kupigiwa mfano. Kwa jicho la setelaiti, kibanja chenye miti mingi kinaweza kuonekana kama msitu. Sheria yenyewe haihesabu kilimo mseto cha aina hiyo kuwa msitu, lakini lazima awepo mtu wa kuthibitisha ardhini kile ambacho ramani imekosea. Kazi hiyo inahitaji wataalamu wetu na wa Ulaya wakubaliane mapema, kabla kontena halijafika bandarini.

Tatizo la pili liko nyumbani. Nukta ya ramani haina thamani iwapo kahawa yenyewe imepoteza njia yake. Kilimo cha Kagera kimesumbuliwa kwa miaka mingi na butura, yaani kuuza kahawa kwa bei ya kutupa ikiwa bado mtini, pamoja na magendo ya kuvuka mpaka kwenda Uganda. Gunia lililopitia mikono hiyo haliwezi kusema lilitoka Kamachumu au Katerero. Butura iliyokuwa ikimnyima mkulima bei sasa inaweza kumnyima pia soko.

Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapohitajika. Jumuiya hiyo ina sheria ya viwango na upimaji ya mwaka 2006 na sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha ya mwaka 2017. Lakini Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa sharti kwamba kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu hiyo haizidi kiwango kilichowekwa. Mara nyingine tena, kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa kipimo kinachoaminiwa na pande zote.

Tanzania na Uganda zinalima robusta katika ukanda mmoja unaokatwa na mpaka. Iwapo kila moja itakuwa na daftari lake la mashamba lisilotambuliwa na jirani, udanganyifu utapata mwanya na kahawa ya pande zote itatiliwa shaka. Zikikubaliana muundo mmoja wa taarifa na kutambuliana, zitakuwa na sauti moja mbele ya Brussels.

Kazi ya kusajili mashamba inapaswa kupita katika vyama vya msingi na vyama vikuu kama KCU, chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa. Vilevile ni muhimu daftari hilo libaki mali ya wakulima na umma. Likiwa la kampuni moja ya ununuzi, mkulima atakuwa amefungwa kwa mnunuzi mmoja kwa kamba ya taarifa zake mwenyewe. Gharama nayo isikatwe katika malipo ya kilo. Mbeba mzigo wa sheria ni kampuni inayoingiza kahawa Ulaya, na ni haki ichangie.

Kulalamika bado kuna nafasi yake. Nchi kadhaa, zikiwamo Brazil na Indonesia, zimeihoji sheria hii katika Shirika la Biashara Duniani, na Tanzania ina kituo chake cha taarifa za kanuni hizo katika Shirika la Viwango, TBS. Lakini miaka ya sangara ilionyesha kwamba anayelalamika akiwa na daftari, maabara na jirani upande wake husikilizwa mapema zaidi. Muda ulioongezwa na Ulaya unatosha kuanza kuandika daftari hilo, kibanja kwa kibanja, iwapo utatumika kwa kazi hiyo na si kwa kungoja tangazo jingine.