Jina Jipya, Deni Lilelile
Hoja iliyochapishwa, kwamba Juan Pablo Escobar alibadili jina ili kukwepa deni la baba yake Pablo, kiongozi wa genge la kokeini la Medellín nchini Kolombia, inaegemea methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka kuliko ushahidi. Ni kweli kwamba baba alipouawa tarehe 2 Desemba 1993, kijana huyo wa miaka 16 aliapa hadharani kulipiza kisasi. Lakini mtoa hoja anaishia hapo, ilhali kiapo hicho kilitenguliwa muda mfupi baadaye na huyohuyo aliyekitoa. Familia ilipitia Msumbiji, ikahamia Argentina, ambako mwaka 1999 Juan Pablo alikamatwa kwa tuhuma za utakatishaji fedha, yaani kuzipa fedha za uhalifu sura ya uhalali, nazo hazikuthibitishwa. Mkwepa deni asingejitokeza katika filamu ya mwaka 2009 kuwaomba radhi watoto wa Rodrigo Lara Bonilla, waziri wa sheria aliyeuawa mwaka 1984, na wa mwanasiasa Luis Carlos Galán. Lililostahili lawama ni biashara ya Juan Pablo ya fulana zenye picha za baba yake, na ajabu ni kwamba mtoa hoja hakuigusa kabisa.